Mizani Haina Mkwe

Kama umewahi kupita katika mashamba ya chai upande wa Bomet saa za kupima majani, ukasikia mwanamume akitangaza kilo kwa sauti ya mhubiri wa mkutano wa injili, basi umemsikia Mzee Obure. Hana kipaza sauti na hajawahi kukihitaji. Akisema, "Mama Cheptoo, kumi na saba na nusu!" mtu aliye ng'ambo ya bonde anajua kwamba leo Mama Cheptoo ameamka vizuri.

Ni mtu mfupi, mwenye kofia pana iliyopaushwa na jua na kikohozi ambacho si cha ugonjwa. Kazi yake tutaiona. Alitoka Nyamira akiwa kijana, akachuma chai mpaka utomvu ukamwingia kwenye mistari ya vidole, na haujatoka hadi leo. Siku hizo karani wa mizani alikuwa mtu mmoja mjanja aliyekuwa akisoma kilo kabla mshale haujatulia, na ukilalamika anakuuliza kama wewe ndiye uliyeunda mizani. Obure aliyameza hayo kwa muda mrefu. Alipokabidhiwa mizani yeye mwenyewe, jambo la kwanza alilofanya ni kuigeuza uso, ili mchumaji naye auone mshale kwa macho yake.

"Hapa mizani haina mkwe," akawaambia.

Yaani hapa hakuna ndugu wala mgeni, wa kupendelewa wala wa kuonewa. Jasho lako ndilo uzito wako. Wanawake waliupenda msemo huo wakaubeba. Utausikia kwenye foleni ya kusaga mahindi, na wakati mwingine kanisani sadaka ikihesabiwa. Lakini mtu akisema neno kubwa namna hiyo mbele za watu, dunia nayo hukaa kitako ikangoja siku ya kumjibu.

Siku hiyo ilianza kuja pale mwanawe Atuti, mlisha kuni wa tanuri la kiwandani, alipomwoa Valary kutoka upande wa Keroka. Binti mwembamba, mcheshi, mwenye vidole vyepesi. Akapata kazi, na mahali alipopangiwa pakawa shamba lile lile la mteremkoni, ambako mashine za kuvunia zikipelekwa zinabingirika, kwa hiyo mikono ya watu bado ina thamani. Ikawa kila siku mke wa mwana analeta kikapu kwa baba mkwe.

Kwa Wakisii, kabila lao wote wawili, hilo si jambo dogo. Wana kitu wanakiita chinsoni. Usikitafsiri haraka ukasema ni haya; ni haya iliyosomeshwa adabu. Baba mkwe haingii nyumbani kwa mwanawe aliyeoa, hashikani mkono na mke wa mwanawe, na mambo ya mwili, kama kuoga, kuumwa na tumbo au kwenda haja, hayatajwi kati yao hata kwa mafumbo. Ndiyo sababu ya kile kikohozi. Kabla Obure hajapinda kona yoyote ambayo huenda Valary yuko nyuma yake, hukohoa mara mbili, ili mwenzake ajiweke sawa au ajipitie zake.

Pale kwenye mizani walikuwa na mtindo wao. Valary aliweka kikapu kwenye nyasi na kurudi nyuma, kisha Tecla akakining'iniza. Tecla ni mwakilishi wa wanawake katika chama cha wafanyakazi, Mkipsigis mwenye mikono ya nguvu na ulimi usiolala njaa. Obure alikazia macho mshale tu, akatangaza, "Mke wa Atuti, kumi na tisa!"

"Mzee Opure," Tecla alimtania kwa lafudhi yake ya Kikipsigis, "iko siku hiyo shingo itakauka ikiangalia mizani. Tutakuzika nayo."

"Heshima si utumwa, Tecla."

"Mimi nimesema shingo, sijasema heshima."

Ukweli ni kwamba Obure alimpenda sana yule binti. Alikuwa amezaa wavulana watupu, na kicheko cha Valary kikipanda kutoka katikati ya mistari ya chai, moyo wake ulitulia. Kwa vile hakuweza kumwambia hivyo, alimpenda kwa kupitia mkewe. "Sellah, mwambie huyo mtoto avae gamboti, kuna nyoka kule chini." "Sellah, mpelekee haya mahindi, lakini usiseme ni mimi." Sellah alipeleka, na akasema ni mzee.

Tena kulikuwa na mtungi wa maji. Kila asubuhi Obure alitoka nyumbani kambini na mtungi wa plastiki uliojaa maji yaliyochemshwa, akauweka kando ya mizani na kikombe juu yake, ili yeyote mwenye kiu anywe. Na kila jioni aliurudisha ukiwa karibu umejaa. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

"Kwani maji yangu yananuka moshi?" alimwuliza mkewe.

"Maji hayana neno," Sellah alijibu, kisha akaanza habari nyingine.

Maji kweli hayakuwa na neno. Neno lilikuwa kwamba shamba lile halikuwa na choo. Zamani kulikuwa na mikaratusi pembeni, mtu akajisitiri. Kampuni ikaikata yote iwe kuni za kiwanda, na michai yenyewe, kama unavyojua, inakufika kiunoni tu. Haimfichi mtu mzima. Wanaume, wanaume ni wanaume. Wanawake walipata dawa moja: kutokunywa maji tangu asubuhi hadi warudi kambini. Mwanamke wa mteremkoni alifunga mwaka mzima bila kungoja Kwaresima, akibeba kikapu mgongoni na jua kichwani, halafu mtu wa ofisini anashangaa kwa nini wanalalamika vichwa kuuma.

Tecla alilisema jambo hilo katika kila mkutano, mpaka mameneja wakawa wanaijua hotuba yake kwa moyo. Mwishowe akaja meneja mpya wa divisheni, Isaiah, mtu msikivu, akakubali. Kikaletwa choo cha mabati kilichovutwa na trekta, chenye milango miwili, tangi la maji na mfereji wa kunawia. Wakakiweka kando ya banda la mizani kwa sababu barabara inaishia hapo, ardhi ni tambarare na maji yako karibu. Mchungaji aliomba, wanawake wakapiga makofi, na Obure, kwa kuwa ndiye mtu wa kukaa pale kutwa, akapewa jukumu la kukiangalia.

Oo, alikiangalia! Alikifagia kila asubuhi, akafunga sabuni ndani ya kipande cha wavu isiibwe, akapanda maua ya manjano pande zote mbili. Kiti chake cha siku zote kilielekea milangoni, na hilo lilimfurahisha, maana aliweza kuona kama kuna kinachohitajika.

Siku ya kwanza, Mama Cheptoo alitoka kwenye mistari akaja polepole, akiangalia kushoto na kulia. Obure alimwona, akasimama, akavua kofia, na kwa sauti ile ile ya kilo akasema:

"Karibu, Mama Cheptoo! Maji yapo! Sabuni ipo! Jisikie nyumbani!"

Madereva wa trekta waliokuwa kwenye benchi la banda wakageuka wote. Kule juu wachumaji wakainua vichwa. Mama Cheptoo alisimama, akamwuliza Mzee Obure ni saa ngapi, kisha akarudi kazini na shida yake. Mwingine alikuja baadaye, naye akakaribishwa vivyo hivyo. Obure hakubagua, aliwatangaza wote sawasawa, kama kilo. Mgeni njoo mwenyeji apone, ni kweli, ila kuna ugeni ambao mtu hataki utangazwe.

Na hao walikuwa Wakipsigis, watu ambao hawana udugu naye. Wake wa Kikisii ndio waliokwama kabisa, kwa maana kwa hesabu ya ukoo wengi wao walikuwa wake za "wana" wa Obure. Kupita mbele ya baba mkwe ukaingie mlango ule naye anakutazama? Afadhali kupasuka. Kati yao wote hakuna aliyekuwa karibu naye kuliko Valary.

Hakuna aliyemwambia. Wangemwambiaje, ikiwa jambo lenyewe ndilo lisilotajwa? Maua yakachanua, buibui akatanda utando mlangoni, na Obure akakasirika kimoyomoyo. Binadamu! Wanalilia kitu miaka, wakipewa hawakitaki.

Isaiah alipopita akauona ule utando, akaugusa kwa kidole.

"Mzee, hii choo haina kazi hapa. Watu wa mashine kule ng'ambo wananisumbua wanataka moja. Ijumaa tuko na mkutano. Nisipopata sababu ya maana, trekta inaivuta."

"Ivutwe tu, meneja," Obure akasema, na uchungu ulikuwa wa kweli. "Hawa watu hawana shukrani."

Tecla aliwasihi wanawake watumie choo kabla hakijaondoka. Walisema sawa, tutatumia, wakaendelea kukausha koo zao.

Kabla Ijumaa haijafika, Valary alianguka. Obure aliona kikapu kikiinama katikati ya mistari, kisha kikapotea. Alikimbia kwa miguu ambayo ilikuwa haijakimbia siku nyingi, akamkuta amelala kifudifudi, mwili unatetemeka kwa homa, mkono umeshika mgongo wa chini. Alinyoosha mikono amwinue. Na mikono ile ikasimama hewani. Mkaza mwana hashikwi. Alisimama pale juu ya mtoto aliyempenda, mikono imening'inia, akapiga ukelele mmoja tu: "Tecla!"

Wanawake walimbeba. Trekta ikampeleka zahanati ya kambi, zahanati nayo ikamtuma hospitali ya Longisa, Sellah akiwa naye. Obure alirudi kwenye mizani, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, alisoma kilo vibaya, na wachumaji wenyewe ndio waliomsahihisha kwa upole.

Sellah alirudi kesho yake jioni, akaenda moja kwa moja jikoni kuweka maji ya ugali. Obure akamfuata, akakaa kwenye kigoda.

"Anaendeleaje?"

"Ataishi. Wamemwekea dripu. Ni figo." Sellah alipuliza moto. "Daktari anasema imeumizwa na kukosa maji, na kujizuia mchana kutwa. Akaniuliza, kwani huko kwenu kazini hakuna choo?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia iko."

"Basi!" Obure akajipiga kofi gotini. "Iko! Si mimi mwenyewe ndiye nafagia? Huyo mtoto anajiua kwa nini na choo iko?"

Sellah alitia unga sufuriani, akimpa mgongo.

"Baba Atuti. Mlango wa hiyo choo unaangalia nani?"

Sellah aliendelea kusonga ugali bila kugeuka.

"Na ni nani husema, karibu, maji yapo, sabuni ipo?"

Kuni zililia motoni. Nyani haoni kundule, na Obure siku hiyo alilazimika kugeuka alitazame lake.

"Si mngeniambia," alisema mwishowe.

"Tungekuambia na mdomo gani? Yeye hawezi kutaja hiyo maneno mbele yako, na mimi nikitaja ni kama nimemtaja yeye. Hata sasa nimeongea kwa sababu nimeona ile sindano kwa mkono wake."

Obure aliangalia mtungi wa maji uliokuwa mlangoni, umejaa, kama alivyourudisha jana na juzi. Sasa alijua kwamba haunuki moshi. Machozi yalimtoka, na Sellah, ambaye ameishi naye kwa upendo muda mrefu, akasema kuni hizi ni mbichi, zina moshi sana.

Ijumaa watu walikaa kwenye nyasi mbele ya banda. Isaiah hakuwa na maneno mengi. "Mimi si mtu mbaya," aliwaambia. "Lakini choo ya kukaa bure siwezi kuitetea ofisini. Nipeni sababu moja tu. Kwa nini hamtumii?"

Wanawake wakaangalia gamboti zao. Tecla akasimama, "Meneja, tupee muda, ni mambo ya mazoea," akakaa, naye alijua kwamba jibu lake halina miguu. Trekta ilikuwa imeegeshwa tayari na mnyororo nyuma.

Obure akakohoa mara mbili, kwa mazoea, kwa kuwa wakaza wana walikuwa wamejaa pale. Kisha akasimama na kuvua kofia.

"Choo haina makosa," alisema. "Makosa ni yangu."

Sauti haikuwa ile ya kilo. Ilibidi watu wasogee.

"Miaka hii yote nimewaambia mizani haina mkwe. Nimewadanganya. Mizani iko na mkwe, tena wengi, wamekaa hapa. Mke wa mtoto wangu anataka kwenda haja..." Hapo wanawake kadhaa walijifunika nyuso kwa leso, na mzee mmoja wa ukoo wake akaguta, "Obure!" kwa sauti ya kumwonya. Obure akamwinulia mkono. "Wacha niseme, ndugu yangu, aibu nimeshaibeba. Anataka kwenda haja, na mimi baba yake nimekaa mlangoni natangaza. Angepita wapi? Mficha uchi hazai. Tumefichana mpaka mtoto wa watu amelazwa Longisa. Msihamishe choo, meneja. Hamisheni mimi, nikakae kule nyuma ya kona ya barabara."

Mtu mmoja alianza kucheka, akajikuta peke yake.

"Hata sisi Wakipsigis tuko na yetu, Mzee," Tecla akasema, na safari hii hakutania. "Mimi mwenyewe siwezi pita mbele ya hao madereva. Nilikuwa naona aibu kusema, na mimi ndiye wa kusema."

Isaiah alikuna kichwa. Alitazama choo, akatazama kiti cha mzee, akatazama madereva, ambao ghafla walipendezwa na matairi yao.

"Lakini Mzee, huko nyuma ya kona hakuna banda. Hakuna hata mti. Mvua ya mawe ikikupata?"

"Niko na kofia," Obure akasema.

Basi trekta ile ile iliyokuja kuchukua choo ikavuta mizani, benchi la madereva na kiti cha Mzee Obure mpaka nyuma ya kona. Isaiah aliahidi banda jipya, na nikikuambia kwamba limejengwa nitakuwa nimekosea; kampuni ni nyepesi kuvuta kuliko kujenga. Lakini juma lililofuata Obure alikuta wanawake wamesimika nguzo za mikaratusi na kuunganisha epron zao kuukuu za plastiki zikawa paa. Lilivuja upande mmoja. Alikisogeza kiti upande wa pili akashukuru.

Kutoka hapo hakuweza kuona mlango wowote. Aliusikia tu: bati likigonga kule nyuma ya kona, mara moja, mara nyingine, asubuhi na adhuhuri. Kila lilipogonga, neno "karibu" lilimpanda mpaka kooni, naye akalimeza, akajifanya anafuta mizani. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya katika chai.

Valary alirudi kazini akiwa amekonda kidogo. Siku hiyo Obure alimjua kwa kicheko kabla hajatokea. Alikohoa mara mbili. Binti akaweka kikapu kwenye nyasi, akarudi nyuma, Tecla akakining'iniza, na mzee akakazia macho mshale hadi ukatulia kabisa.

"Mke wa Atuti, kumi na mbili!"

Kilikuwa kikapu chepesi kuliko vyote alivyowahi kuleta, lakini Obure alikitangaza kwa sauti iliyovuka bonde. Asante hazisemwi kati ya watu hao wawili, wala pole. Valary alikwenda kwenye mtungi, akamimina kikombe akanywa chote, akamimina kingine. Nyuma yake wanawake walikuwa wamepanga foleni.

Jioni Obure alipoinama kuuchukua mtungi, nusura aanguke chali, kwa sababu mkono wake ulitarajia uzito. Aliubeba kwa kidole kimoja hadi kambini. Sellah aliupokea mlangoni, akautikisa, akaugeuza kutazama chini yake.

"Umetoboka?"

"Haujatoboka, Mama Atuti," Obure akasema. "Wamekunywa."